Boma Anamolala Ng'ombe

Ilitangazwa rasmi mjini Babati, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la ofisi, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna ng'ombe atakayeaminika kwa maneno ya binadamu. Gari lilianzia stendi, likapita Bagara, likazunguka Maisaka na kumalizia Nakwa, ambako barabara iliisha kabla ya tangazo. Wananchi waliarifiwa kuwa midomo yao, ambayo tangu enzi za mababu ilikuwa ikishuhudia kwamba ng'ombe huyu ni wa fulani na yule ni wa fulani, imestaafishwa kwa heshima zote. Mahali pake utakuja mnyororo. Mnyororo hausahau, haupendelei, haufutiki. Sauti iliyosema hayo ilikuwa ya Ndugu Benedict Tluway mwenyewe, Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Uaminifu wa Mifugo, naye aliirekodi tena na tena mpaka ikatoka bila kikohozi.

Ofisi ya Uaminifu wa Mifugo ilikuwa mpya. Iliundwa baada ya wakubwa kwenda semina nje ya nchi na kurudi na wasiwasi. Ilikuwa na chumba kimoja, kabati, mhuri na pazia, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinganisha mitandao ya blokcheni iliyopo duniani, kuchagua ulio bora, na kuwafunga nao ng'ombe wote wa mji na viunga vyake.

Benedict alistahili cheo chake. Sharti kuu la kazi hiyo lilikuwa kwamba mratibu asiwe na mifugo, asije akajipendelea, na yeye alikuwa ameapa mbele ya mkaguzi kwamba hana ng'ombe, hana hata mkia wa ng'ombe. Nyumbani kwake, nyuma ya ukuta wa matofali, kulikuwa na paka na tangi la maji. Aliyetilia shaka alikaribishwa kuchungulia.

Ng'ombe wake walikuwa kwa watu.

Huo haukuwa ujanja aliobuni yeye, ni desturi ya watu walioshuka kutoka milima ya Mbulu. Mwenye ng'ombe wengi hawajazi zizini kwake, kila mpita njia akawakodolea macho. Huwagawa: huyu kwa rafiki, yule kwa mjane, wengine kwa shemeji. Anayefuga hupata maziwa na mbolea, na miaka ikipita hupewa ndama wa shukrani, naye akaanza zizi lake. Ugonjwa ukiingia boma moja, haumalizi mali yote. Karatasi hakuna. Majirani wanajua nani kampa nani, na wakijua majirani inatosha. Benedict aliipenda sana desturi hiyo, isipokuwa mwisho wake, pale penye ndama wa shukrani.

Kwa mfano, kule Nakwa kulikuwa na ng'ombe aitwaye Samli, wa maziwa mazito, aliyekaa kwa Mama Vailet, mjane, tangu Vailet akiwa darasa la pili. Vailet sasa ana watoto wake. Samli alipozaa ndama wa kwanza, Benedict alisema ana mahari ya mdogo wake, Mama Vailet avute subira. Wa pili aliondoka kwa sababu ya msiba. Kwa wa tatu Mama Vailet hakuelezwa chochote, lilikuja gari tu. Ng'ombe hao waliotawanyika ndio waliokuwa uzee wa Benedict. Siku akistaafu angewakusanya mmoja mmoja, awaone wote kwa pamoja wakishuka kunywa maji, aseme nimeishi. Wakati mwingine katikati ya kikao aliwafikiria, na uso wake ukalainika, na wajumbe wakadhani amependa hoja.

Kamati ya ulinganishi ilikuwa na watu watatu. Benedict alikuwa mwenyekiti. Elimringi, afisa mipango, alikuwa mjumbe, mtu aliyehudhuria semina nyingi kiasi kwamba hakuna swali lililoweza kumkuta bila jibu. Katibu alikuwa Hope, mtaalamu wa kompyuta aliyehamishiwa hapa kutoka Moshi, na ndiye peke yake aliyejua wanachokifanya, jambo ambalo halikuhesabiwa kuwa sifa.

"Blokcheni," Hope alianza, "ni kumbukumbu moja inayoshikwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Hao tunawaita walinzi. Kila mlinzi ana nakala. Ukitaka kuandika jambo jipya, walinzi wakubaliane. Likishaandikwa, huwezi kulibadilisha kinyemela, maana nakala za wenzako zitakusuta."

"Walinzi wana sare?" aliuliza Elimringi.

"Hawana, mkuu. Ni watu tu na simu zao."

"Hilo tutaliangalia."

Hope akaendelea kwamba mitandao itapimwa kwa vigezo vitatu. Kwanza uwezo wa kupanuka, yaani ng'ombe wakiwa wengi mnyororo utawabeba au utapiga magoti. Pili ugatuzi, yaani umeshikwa na wachache au na wengi. Tatu uhai wa wasanidi, yaani wale wanaoujenga na kuurekebisha bado wako kazini, au wameshaondoka kwenda kufuga kuku.

"Ugatuzi naunga mkono kwa asilimia zote," alisema Elimringi. "Ila lazima uwe na makao makuu."

"Mkuu, ugatuzi maana yake ni kwamba hakuna makao makuu."

"Sawa. Na barua ya kuwajulisha wananchi kwamba hakuna makao makuu itatoka wapi?"

Ikapitishwa kwamba ofisi itaanzisha Kitengo cha Kutosimamiwa, chini ya usimamizi wa Elimringi.

Benedict alikuwa na swali moja tu, na alilisubirisha mpaka chai ilipoletwa. "Mtu akiuuliza huo mnyororo, ng'ombe wa fulani wako wapi, unajibu nini?"

"Unajibu kilichoandikwa."

"Na kama hakikuandikwa?"

"Basi kwa mnyororo, hawapo."

Benedict alichovya andazi kwenye chai kwa utulivu mkubwa. Akasema hii teknolojia imechelewa sana kufika.

Mitandao iliyoletwa mbele ya kamati ilikuwa na majina ya kigeni yanayogongana na meno, kwa hiyo kikao kizima kilitumika kuibatiza. Uliokuwa na kasi wakauita Mbio. Uliokuwa na wasanidi wengi wakauita Mafundi. Uliokuwa umesambaa kwa watu wengi kuliko yote wakauita Kijiji. Kisha wakaenda kuijaribu kwa vitendo, kwa kuwa Elimringi aliamini kwamba ofisini hakuna posho ya safari.

Mbio ilijaribiwa mnadani. Kila ng'ombe alivishwa hereni ya kielektroniki sikioni, simu ikaelekezwa kwenye hereni, na kabla ng'ombe hajamaliza kucheua alikuwa ameshasajiliwa. Wachuuzi walipiga makofi. Halafu, wakati wa chakula, Mbio ikazima. Si Babati tu, dunia nzima. Hope alieleza kwamba Mbio ina walinzi wachache wenye mashine kubwa, ndiyo maana inakimbia, na hao wachache wamepigiana simu wakakubaliana kuizima ili waifanyie matengenezo. Elimringi aliandika kwenye taarifa kwamba kwa muda wa mlo mmoja mifugo yote ya mnada haikuwa na mwenyewe, lakini ilivumilia.

"Wamepigiana simu?" Benedict alimnong'oneza Hope.

"Ndiyo, mkuu."

"Kwa hiyo mkubwa akitaka kujua jambo, anawapigia hao wachache."

"Inawezekana."

Benedict alijua vizuri sana jinsi wachache wanavyopigiwa simu. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wachache, na katika utumishi wake wote hakuwahi kumkatalia aliyemzidi cheo. Mbio ikapewa alama ndogo, kwa sababu za kimaadili.

Mafundi ulifanyiwa majaribio Maisaka. Huu ulikuwa na wasanidi wengi wachangamfu, wasiolala, na kila asubuhi ulikuwa umeboreshwa, na kilichofanya kazi jana hakipo. Siku moja fahali mmoja alisomeka kuwa ana mimba. Hope aliwaandikia wasanidi. Walijibu upesi na kwa adabu kwamba hilo si kosa, ni toleo jipya, fahali asubiri marekebisho ya Ijumaa. Ijumaa wasanidi wakagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya namna ya kurekebisha, wakashindwa kuelewana, na mnyororo ukapasuka ukawa minyororo miwili. Kila ng'ombe aliyekuwa kwenye mnyororo wa zamani sasa alikuwa kwenye yote miwili. Elimringi alitulia na kalamu yake, kisha akaandika kwamba kutokana na jitihada za ofisi, mifugo ya Maisaka imeongezeka maradufu.

Benedict hakufurahia. Watu wanaogusagusa kila kitu, aliwaza, siku moja watagusa na changu.

Ukabaki Kijiji. Katika Kijiji kila boma lenye simu janja lilikuwa mlinzi, na ng'ombe hakuandikwa mpaka zaidi ya nusu ya maboma yamebonyeza neno "nakubali". Ulikuwa msimu wa kuvuna mbaazi. Mzee Damiani wa Nakwa, mlinzi aliyetambuliwa kwa mujibu wa kanuni, aliombwa asubuhi amkubali ng'ombe wa jirani yake. Alituma mtoto aje aseme kwamba simu iko dukani inachaji, na yeye yuko shambani, na ng'ombe yuko pale pale, haendi popote. Mtamba mmoja aliombewa usajili akiwa na mimba. Jibu lilipokuja alikuwa ananyonyesha, na ndama ikabidi aanze maombi yake mwenyewe. Wasanidi wa Kijiji nao walikuwa wachache, watu wa makamo, waliobadilisha kitu kimoja kwa mwaka na kuomba radhi kwa usumbufu.

"Na hapa nani anapigiwa simu?" Benedict aliuliza.

"Hakuna, mkuu. Hakuna mkubwa. Ukitaka kubadilisha kitu, uwashawishi zaidi ya nusu ya walinzi."

"Na mimi, kama Mratibu Mkuu?"

"Ukiweka programu kwenye simu yako, utakuwa na sauti moja, kama Mzee Damiani."

"Sitaweka. Kiongozi asijiingize."

Kijiji kikashinda. Taarifa ya mwisho, yenye jalada la plastiki, ilikipa alama za juu katika vigezo vyote, pamoja na kasi, ambayo ilielezwa kuwa ni kasi inayolingana na busara ya wananchi.

Ndipo Elimringi akakumbuka jambo. "Mnyororo utaandika ng'ombe ni wa nani. Sasa, ng'ombe ni wa nani?"

Kamati ilishtuka. Swali hilo halikuwa kwenye ajenda.

"Tuwaulize majirani," alisema Hope. "Wao wanajua."

"Midomo imestaafishwa," alisema Benedict. "Gari limepita." Akasimama, akaenda dirishani, akalitazama pazia. "Ng'ombe ni wa boma anamolala usiku wa kuamkia kuvishwa hereni. Kanuni fupi, inaonekana kwa macho, haina upendeleo."

"Lakini nasikia huku watu hufugiana ng'ombe, mkuu. Kuna desturi."

"Desturi si takwimu."

"Na makosa yakitokea?"

"Hakuna kurekebisha kutoka ofisini. Hata mimi siwezi. Andika hivyo hivyo: hata Mratibu Mkuu."

Hope akaandika hivyo hivyo. Elimringi alisema ameguswa sana, maana ni nadra kumwona mkubwa akijifunga mikono mwenyewe.

Benedict alikuwa amekwisha kupanga. Mnyororo ungekuwa wa serikali, midomo ingekuwa yake. Kwenye mnyororo ng'ombe ni wa Mama Vailet na wenzake. Vijijini, kila mtu anajua ni wa Benedict. Mkaguzi akiuliza, hana kitu. Gari lake likienda kuchukua ndama, anacho. Jioni hiyo alikwenda Nakwa mwenyewe.

"Shikamoo, Mama Vailet."

"Marahaba, Baba Wilbert. Karibu. Naona leo umekuja kwa miguu."

"Gari lina kazi. Mama, watakuja watu na hereni. Wakiuliza Samli ni wa nani, sema ni wako."

Mama Vailet aliendelea kupeta mbaazi. "Nitasema uongo?"

"Si uongo, ni usajili."

"Nikienda kuungama nitasemaje?"

"Sema ni mradi wa serikali."

Alipeta tena, maganda yakaruka. "Samli ana mimba. Na ndama wangu?"

"Safari hii ni wako, mama. Nimekuahidi."

"Ndiyo," alisema Mama Vailet. "Umezoea kuniahidi."

Usajili ulianza, na hapo likatokea jambo ambalo taarifa ya kamati haikulitegemea. Ng'ombe wa watu wengine waliendelea kusubiri kama kawaida, wiki hii na wiki ijayo. Lakini Hope alipoingiza wale waliolala kwa Mama Vailet, kwa Mzee Damiani, kwa shemeji fulani Maisaka na rafiki fulani Bagara, simu za walinzi zilijibu kabla chai haijapoa. Nakubali, nakubali, nakubali. Alidhani programu imeharibika.

"Mkuu, leo Kijiji kinaipita Mbio."

"Elimu kwa umma," alisema Benedict.

Elimu yenyewe ilitolewa Jumamosi asubuhi kwenye jumuiya, pale majirani Wakatoliki wanapokutana nyumbani kwa mmoja wao kusali. Benedict alikuwa mwanajumuiya kwa jina tu, maana Jumamosi huwa ana semina. Siku hiyo baada ya sala Mzee Damiani aliuliza kama kuna mwenye neno, na kila mtu alikuwa nalo. Kumbe si ndama wa Samli peke yao waliopanda gari. Neno likatoka Nakwa, likafika kwenye jumuiya za Maisaka na Bagara, na Walutheri nao wakaletewa, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wakimfugia vilevile.

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa mpira. Mkaguzi Gerson alikuja kutoka makao makuu na miwani mbili, moja ya jua na moja ya kusomea. Shuka jeupe lilitundikwa mbele ya jukwaa, kompyuta ikaelekezwa, na Benedict, kwa unyenyekevu uliofanyiwa mazoezi, akaomba jina lake ndilo lipimwe kwanza kabisa. Hope akaandika: Benedict Tluway. Shuka likajibu: hana ng'ombe.

Makofi yalipigwa muda mrefu, na walioyapiga kwa nguvu zaidi walikuwa watu wa Nakwa. Gerson alishika kipaza sauti akasema amezunguka nchi nzima, hajawahi kumwona mtumishi aliyethibitishwa ufukara wake na mashine. Akatangaza kwamba mtu huyu anapelekwa juu, akausimamie mnyororo kitaifa, na kwamba atarudi mwenyewe baada ya mavuno kumuaga na kutembelea wanufaika. Benedict aliinama kidogo, kama inavyompasa fukara.

Mavuno yakaisha. Samli akazaa, ndama jike mwenye doa jeupe usoni. Benedict akaanza kupanga sherehe ya kuagwa, akamtuma dereva kwa Mzee Damiani akachukue dume la kuchinja, na akitoka hapo apitie kwa Mama Vailet akamchukue ndama, kwa kuwa cheo kipya kina gharama zake. Dereva alirudi na gari tupu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema shikamoo yako imefika, mkuu."

Benedict alikwenda mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, na jumuiya ilikuwa uani kwa Mama Vailet, watu wamekaa kwenye mabenchi na magogo, sala imeisha, kikombe cha togwa kinazunguka. Samli alikuwa pembeni, ndama amelala miguuni pake. Benedict alimwona ndama huyo akasikia furaha ya kweli, ile ya mtu na mali yake. Akasalimia wote, akapewa kiti.

"Nimekuja kumchukua," alisema.

"Nani?" aliuliza Mama Vailet.

"Ndama. Najua nilikuahidi. Ila kuna sherehe, mama, wewe unaelewa. Anayefuata."

Mama Vailet alitoa simu kwenye kanga, akaifuta skrini na kidole. "Hapa wanasema Samli ni wangu. Na ndama wameshamkubali, tangu juzi."

"Huo ni mnyororo wa serikali. Mimi na wewe tunajua."

"Nilikwenda kuungama, kama nilivyokwambia. Nikamwambia padri nimesema ng'ombe wa mtu ni wangu. Akaniambia niache uongo. Nimeuacha. Sasa ni wangu kweli, sina tena cha kuungama."

Benedict aliwageukia wengine. Akainuka, akashika kamba ya ndama. "Mzee Damiani, wewe ulikuwepo siku namleta Samli hapa. Tulikunywa pombe siku hiyo. Sema Samli ni wa nani."

Mzee Damiani alimeza togwa bila haraka. "Nilikuwepo, mwanangu. Nakumbuka hata mvua iliyonyesha. Lakini nikifungua mdomo nitakuwa navunja sheria. Gari lako lilipita hapa na sauti yako mwenyewe."

"Basi andikeni mabadiliko. Bonyezeni tu."

"Tunaweza," alisema Mzee Damiani. "Omba kwenye mnyororo, useme ng'ombe hawa ni wako tangu zamani. Tutasoma sote. Na huko makao makuu watasoma."

Benedict aliona kiapo chake, aliona shuka jeupe, aliona makofi. Aliwaona ng'ombe wake wote wakishuka kunywa maji, kila mmoja akielekea nyumbani kwa mtu mwingine. Aliumia, na hakuna aliyemwonea huruma, kwa kuwa kila aliyekuwa pale alishawahi kusimama mahali hapo akitazama gari likiondoka.

Alikuwa bado ameshika kamba ya ndama gari jingine lilipoingia uani. Alishuka Mkaguzi Gerson na miwani yake ya jua, nyuma yake Elimringi na ratiba ya kutembelea wanufaika, na nyuma yao Hope na kamera.

"Aa, Mratibu," alisema Gerson. "Umetutangulia. Naona umeshika ndama wa mwananchi. Kuna mgogoro?"

Samli alicheua. Benedict alimtazama Hope, na Hope, kwa sauti ya utumishi, akasema, "Mkuu, kama kuna marekebisho, ofisi haiwezi kuyafanya. Ni kifungu chako."

Neno "wangu" lilikuwa limefika mpaka kwenye meno ya Benedict. Akalimeza. "Hakuna mgogoro," alisema. "Hakuna kabisa."

"Hakuna," Elimringi alirudia huku akiandika. "Malalamiko, sifuri."

Hapo Mama Vailet akasimama. Alikung'uta kanga, akamwamkia mgeni vizuri, akamweleza kwamba watu wa hapa wana desturi yao. "Mnyororo umetuonyesha sote kwamba huyu baba hana kitu. Hana hata mkia. Tuliumia sana pale uwanjani, ndiyo maana tulipiga makofi. Kwetu mwenzetu akiwa hana, hatumwachi hivyo. Anapewa wa kufuga." Akaweka mkono juu ya kichwa cha ndama. "Huyu nitampa Baba Wilbert. Akiacha kunyonya aje amchukue, amfuge kwake. Maziwa yake, mbolea yake. Ng'ombe wangu."

Mzee Damiani alisema jambo hilo ni jema. Wengine wakasema na wao wakipata nafasi watampa. Simu zililia pale pale uani, nakubali, nakubali, mpaka Elimringi akashindwa kufuatisha.

Gerson alivua miwani ya jua, akavaa ya kusomea, akavua na hiyo. Alisema kwa miaka mingi amekuwa akisikia kwamba teknolojia itamfikia mnyonge, na leo anamwona mnyonge mwenyewe, ana koti na tai, ameshika kamba. Akaagiza picha ipigwe kwa ajili ya jalada la taarifa ya taifa. Benedict alipangwa katikati. Aliambiwa atabasamu, akatabasamu. Ilikuwa kweli sasa: hakuwa na ng'ombe hata mmoja duniani, na kiapo chake hakikuwa na doa.

Wageni walipoanza kuelekea kwenye gari, alibaki nyuma kidogo, akamsogelea Mama Vailet, akauliza kwa sauti ya chini ambayo haijawahi kupita kwenye kipaza sauti chochote:

"Mama, na akija kuzaa? Ndama wa shukrani?"

Mama Vailet alichukua ungo wake wa mbaazi, akaupeta mara moja.

"Wa kwanza, nina mahari ya mdogo wangu," alisema. "Wa pili, huwezi jua, misiba haina ratiba. Wa tatu nitatuma gari."